Pigo Moja kwa Mti Uliooza: Maisha ya Fundi Honorin Toucas, Mkalafati wa Port-Saint-Elme (1832–1903)

Jamaa, mafundi wa gati na majirani wa Mtaa wa Wasokota Kamba, yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyaamini, na wala hamlazimishwi. Mtasikia habari za manowari ya deraya ya chuma iliyovuliwa nguo na mizinga yake yenyewe, na za mtu aliyelijua hilo mwezi mzima kabla, akiwa hana chombo ila nyundo ya mti. Aliyeandika ni Fortuné Barral, shemeji wa marehemu, ambaye ulimi wake mtaa mzima unaujua. Ndiyo maana marehemu hakukubali kuandikwa hivi hivi. Mwezi wa Januari, alipoona kitanda kimekwisha kumzoea, alimwita shemeji yake.

"Fortuné, najua utaniandika, nitake nisitake."

"Nani mwingine mwenye hati nzuri katika ukoo huu?"

"Hati sina neno nayo. Andika, lakini utanisomea. Nikigonga, na hilo uliandike. Usifute."

Ndivyo ilivyofanyika. Na kwa kuwa sikio lake la kulia lilikufa zamani na la kushoto lilikuwa njiani kulifuata, alisomewa kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bandari. Majirani wa pande zote mbili wamekwisha kuusikia wasifu huu, na leo wanaweza kusinzia bila kukosa kitu.

Kwa wageni waliokuja kumzika pamoja nasi, inafaa waelezwe huko kugonga. Mkalafati ndiye anayeziba nafasi baina ya ubao na ubao wa meli kwa nyuzi za kamba kuukuu na lami. Pia ndiye anayeupima mti kwa kuupiga na kuusikiliza. Desturi ya gati letu tangu enzi za mababu ni kwamba mkalafati anayepima meli hasemi neno. Mti ukiwa mzima, anapiga mara tatu. Ukiwa umeoza, anapiga mara moja. Wakati huo nyundo zote za gati hunyamaza, watu wapate kusikia. Wazee walikuwa na maana yao. Neno mkubwa anaweza kuligeuza mezani kwake, lakini pigo limekwisha kusikiwa na watu mia nne.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1832 hapa Port-Saint-Elme, katika nyumba ya tatu ukitoka kisimani, mtoto wa pili wa Antonin Toucas, mkalafati, na Victoire, aliyechambua kamba kuukuu mpaka vidole vyake vikawa havifungi kifungo. Usiku aliozaliwa kulivuma dhoruba iliyong'oa mapaa ishirini.

(Hapa marehemu aligonga mara moja. Ilikuwa mvua ya kawaida.)

Alisoma kwa mabruda wa shule ya parokia kuanzia mwaka 1839 hadi 1844. Huko alijifunza kusoma, kuandika jina lake na kuhesabu, na alipigwa kwa kosa moja tu ambalo hakuliacha. Mwalimu akisema jambo asiloliamini, Honorin alikuwa akigonga dawati mara moja. Aliyemfundisha hivyo ni baba yake, aliyekuwa akifanya vilevile mezani nyumbani mama akisema nyama imeisha. Bruda Anselme alimwita Antonin shuleni.

"Mwanao ananigongea mimi, Bwana Toucas."

"Ulikuwa ukifundisha nini, Bruda?"

"Historia."

"Ah. Basi nitasema naye," alisema Antonin, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akicheka.

Alipotimiza miaka kumi na miwili aliingia gatini, na hakutoka humo ila mara moja. Mwaka 1854, kama ilivyokuwa kwa kila mtu wa pwani aliyeandikwa katika daftari la jeshi la majini, aliitwa vitani dhidi ya Warusi. Alipangwa kwenye kitu ambacho yeye mwenyewe alikataa kukiita meli. Kilikuwa sanduku la mwaloni lililovishwa mabamba ya chuma, lisilojua omo wala tezi, linaloelea kwa kulazimishwa. Tarehe 17 Oktoba 1855, mbele ya ngome ya Kinburn, masanduku matatu ya namna hiyo yalisogezwa karibu na mizinga ya Warusi, mahali ambapo manowari yoyote ya mti ingewaka moto kabla ya uji kupoa. Marehemu alikuwa chini, na kigae cha lami mkononi, akisubiri tundu la kuziba. Hakukuwa na tundu. Matufe ya Warusi yaligonga kwenye chuma yakaanguka majini, nayo yalikuwa mia saba.

(Aligonga mara moja. Yalikuwa sitini na mawili, na aliyeyahesabu ni yeye, maana hakuwa na kazi nyingine.)

Siku ile wengine walicheza ngoma juu ya staha. Honorin alikaa juu ya pipa lake la lami. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa kusikia tu alikuwa ameelewa kwamba kazi ya baba yake imekwisha. Alisema baadaye, "Nilichoka siku ile, na tangu siku ile sijapata kupumzika vizuri." Walimu wa vita waliandika vitabu kuhusu Kinburn. Yeye alirudi nyumbani na kiko cha tumbaku na kikohozi.

Tarehe 4 Februari 1861 alimwoa Delphine Barral, binti wa mwoka kade, ule mkate wa unga wa dengu tunaoula wote asubuhi. Uchumba wenyewe ulikuwa wa kimya. Kwa miezi minane alikuja kila siku kwenye sinia la kade, akanunua kipande, akala amesimama, akaondoka. Mwishowe Delphine alimshika mkono mbele ya foleni nzima.

"We kaka, unakula tu au una lingine?"

Honorin alitafuna, akameza, kisha akagonga sinia kwa kifundo cha kidole. Mara tatu.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza mteja mmoja wa bara.

"Ndiyo ndoa," alisema baba yake Delphine. "Sogea, wengine wana njaa."

Walijaliwa watoto wawili, Clarisse na Baptistin. Katika miaka arobaini na miwili ya ndoa, Delphine anasema aligongewa mara moja siku nyingi, na mara tatu kila Jumapili, baada ya chakula.

Sasa tunafika kwenye Constance, ambayo ndiyo iliyomleta kila mtu hapa asiye wa ukoo.

Baada ya Kinburn kila bandari ilitaka manowari ya deraya, na kila bandari iliitaka jana. Constance iliwekewa mkuku, ule mti wa chini unaobeba meli nzima, hapa kwetu mwaka 1861. Ilikuwa ya mwaloni ndani, na ya chuma nje, mabamba ya sentimita kumi na mbili yaliyokazwa kwa boliti ndefu kama mkono wa mtu. Kwa ajili ya ile haraka, mwaloni ulikatwa katikati ya kiangazi, maji yake yote yakiwa ndani. Marehemu aliukalafati mwenyewe upande wa kushoto, na kila jioni alirudi akinusa viganja vyake.

"Unanusa nini?" mkewe alimuuliza.

"Mti bado unatoka jasho, na kesho wanaufunga koti."

Ulifungwa. Mwaka 1864 meli iliingia majini, nyeusi, inayong'aa, na askofu akaibariki. Uzuri wa mkakasi, husema watu, ndani kipande cha mti. Humu ndani, baada ya miaka sita, hata kipande hakikubaki.

Mwaka 1870 Constance ilipangiwa safari ya miaka miwili kwenye bahari za mashariki ya mbali. Kabla ya kuondoka ilibidi ipimwe, na kwa kuwa nje yote ilikuwa chuma, ilibidi ipimwe kutoka ndani, chini ngamani, kwenye tumbo la meli. Msimamizi wa wakalafati alikuwa anastaafu Pasaka ile, na gati zima lilijua kwamba mahali pake ni pa Honorin, mradi kusitokee neno. Na katika meli hiyo, mtia makaa wa daraja la kwanza alikuwa Fortuné Barral, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye alikuwa amekwisha kuaga bandari nzima, baa kwa baa, na amechorwa kwa sindano jina la meli kifuani, kwa herufi kubwa. Mkewe hadi leo anaulizwa Constance ni nani.

Jumapili ya Matawi, tarehe 10 Aprili, mashemeji hao walikuwa wakirusha matufe, mchezo wetu wa Jumapili, nyuma ya kanisa. Matufe nayo yalikuwa yamebadilika. Watu walikuwa wamekwisha kuacha ya mti mtupu, wanarusha ya mti yaliyopigiliwa misumari pande zote mpaka mti hauonekani. Marehemu alikuwa peke yake aliyebaki na matufe yake ya zamani, na kila yakigongana na ya misumari yalibanduka kibanzi.

"Shemeji," alisema Fortuné, "kesho unapanda Constance?"

"Nashuka. Ngamani hakupandwi."

"Basi gonga tatu uje tunywe."

"Mti ukisema tatu, nitagonga tatu."

"Mti hauna safari wala hauna mchumba anayengoja zawadi za Saigoni. Mimi ninavyo vyote viwili." Fortuné alilifuta tufe lake kwa suruali. "Nje kuna sentimita kumi na mbili za chuma, shemeji. Huko ndani mti uoze, usioze, nani atakayejua?"

"Maji."

"Maji yatafikaje?"

"Hayo ndiyo maji. Hayaulizi njia."

Delphine alikuwa ameketi ukutani akimenya vitunguu saumu vya mchuzi. "Honorin, wewe mume wangu, na huyo ni ndugu yangu wa pekee," alisema. "Mkigombana nikae upande gani?"

"Penye kivuli, mke wangu."

"Nami nakuambia, Fortuné, ukienda Saigoni nitalia, na usipokwenda nitakusikia ukilalamika mpaka nife. Sijui lipi baya."

Fortuné hakucheka. Alimfuata shemeji yake mpaka kwenye tufe lililobanduka, akainama kana kwamba anatazama umbali, akasema polepole, "Sijawahi kukuomba kitu. Nimemwambia kila mtu naondoka. Usimamizi pia unakungoja wewe. Mapigo matatu tu, Honorin, yatamuumiza nani?"

Marehemu alikiokota kibanzi kilichobanduka kwenye tufe lake, akakitia mfukoni.

Asubuhi ya Jumatatu ya juma kuu, saa mbili, kengele ya gati ilipigwa na nyundo zote zikanyamaza. Honorin alishuka na taa. Juu alisimama mhandisi, Bwana Le Guennec, mtu wa kaskazini, mrefu, asiyekula vitunguu saumu, na makarani wawili wenye daftari. Pembeni walisimama mabaharia, na Fortuné mbele yao, amekunja mikono juu ya kile kifua chenye maandishi.

Mapigo yalianza omoni. Tatu. Kimya. Tatu. Kimya. Kila mara mabaharia walipumua. Ilikwenda hivyo hadi taruma la kumi na nane, yaani ubavu wa kumi na nane wa meli. Hapo kulikuwa na kimya kirefu kuliko kingine, na huko chini, kama alivyosimulia mara moja tu maishani, marehemu alikuwa ameweka kiganja kwenye ubao aliouziba mwenyewe kwa mkono wake miaka sita nyuma, na ubao ukakubali kidole. Alikumbuka usimamizi. Alimkumbuka mkewe, na shemeji anayemwaga machozi ya pombe kila baa. Aliwaza kwamba mapigo matatu hayazidi pigo moja ila kwa mawili.

Kisha gati likasikia. Moja.

Na tangu hapo hadi karibu na tezi: moja, moja, moja. Mapigo kumi na moja ya moja moja.

Bwana Le Guennec alishuka mwenyewe, na kofia yake ikachafuka.

"Fundi, umekosea. Rudia."

Honorin alirudia. Moja.

"Meli hii ina miaka sita."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini ilivishwa koti ikiwa imelowa. Hata wewe ukivaa koti la chuma na jasho lako, usilivue miaka sita, hatutapenda kukufungua."

"Deraya hii haitoboki. Nimeona ikipigwa majaribio kwa macho yangu."

"Haitoboki, mheshimiwa. Itadondoka."

Mhandisi aligusa mfuko wa koti lake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na barua mfukoni yenye tarehe ya kuondoka. "Naweza kuandika kwamba pigo halikusikika vizuri," alisema.

"Andika. Lakini gati limesikia."

Iliandikwa kwamba halikusikika vizuri. Fundi mwingine aliletwa kutoka bandari nyingine, akagonga tatu tatu kwa haraka ya mtu anayewahi garimoshi, na gati halikunyamaza kumsikiliza. Usimamizi ulikwenda kwa mwingine. Marehemu alipelekwa kwenye masufuria ya lami, kazi ya vijana na wazee, na watu wakaanza kumwita Fundi Pigo-Moja. Siku meli ilipong'oa nanga kwenda kwenye majaribio ya mizinga kabla ya safari yenyewe, tarehe 6 Mei, siku ya Ijumaa, Fortuné alipita mbele ya masufuria yale na mfuko wake begani.

"Hutaniaga, shemeji?"

"Nakuaga. Ukisikia chuma kinalia, panda juu."

"Mwoga wa nchi kavu we," alisema Fortuné, akaenda zake. Maneno hayo yako hapa kwa amri ya marehemu, maana mwandishi alikuwa ameandika mengine.

Mbele ya rasi, Constance ilipiga mizinga yote ya upande wa kushoto kwa pamoja. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, bamba moja lilicheza kama jino la mtoto. Mara ya tatu liliteleza, tani nne za chuma, likashuka majini taratibu kama sahani iliyoponyoka rafuni, na la pili likalifuata. Hakuna adui aliyekuwepo. Hakuna tufe lililoipiga. Ilikuwa imejipiga kofi yenyewe na nguo zikavuka. Boliti zilizokuwa zimeshikwa na mti ule zilirukia ndani kama vizibo vya chupa. Mmoja wa mabaharia alivunjwa mkono, na boliti moja ilipita ukutani ikatua juu ya makaa mbele ya miguu ya Fortuné Barral, na nyuma yake yakaja maji, hayakuuliza njia.

Walivuta pampu kwa saa tisa mfululizo. Wakati meli inarudi imelala ubavu, gati lote lilikuwa limesimama, na mbele ya wote alikuwa Honorin, akicheka.

(Aligonga mara moja, kwa nguvu. Hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye pipa akihesabu vichwa kwenye staha mpaka akakiona kimoja chenye nywele nyekundu, cha shemeji yake.)

Bwana Le Guennec alipita mbele yake. Alivua kofia, akaivaa tena, akaendelea. Walipolifungua lile koti waliuchota mwaloni kwa kijiko. Mwezi wa Julai vita na Waprusi vilianza, na manowari nyingine za deraya zikaenda bahari ya kaskazini. Zilizunguka huko miezi kadhaa hazikumpata wa kupigana naye, zikaishiwa makaa, zikarudi. Constance ilikuwa chelezoni nje ya maji, inachambuliwa kama kuku.

Unaweza kumsamehe mtu aliyekosea. Aliyepatia ni kazi. Kwa miaka miwili Fortuné hakuvuka kizingiti cha dada yake. Alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba shemeji yake ameiloga meli. Kisha Jumapili moja ya Septemba 1872 aliingia bila hodi, wakiwa mezani, akaweka juu ya kitambaa ile boliti iliyotua makaani, akabaki amesimama. Marehemu aliichukua, akaigeuza. Vumbi la mwaloni uliooza lilikuwa bado limeikamata shingoni. Akagonga nayo meza. Mara tatu.

"Delphine," alisema, "sahani ya tatu."

"Ya tano," alisema Delphine. "Watoto nao wanakula." Kisha akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitaji sahani.

Baada ya hapo ilibaki kazi tu, na kazi ilikuwa nyingi. Meli za mti zilikoma. Mwaka 1876, akiwa na miaka arobaini na minne, marehemu alianza upya kama mwanafunzi, akajifunza kukalafati chuma. Hapo hakuna kamba wala lami. Unaupiga ukingo wa bamba kwa patasi mpaka unalala juu ya mwenzake. Ndani ya matangi yale ya chuma, siku baada ya siku, ndimo lilimobaki sikio lake la kulia. Alipoona halisikii tena, alijifunza kuweka kidole upande mmoja wa ribiti, ule msumari wa chuma unaoshika mabamba, na kuigonga upande wa pili, akausoma ulegevu kwa ngozi.

Aliyaona yote. Bamba la sentimita kumi na mbili likawa la ishirini na mbili, kwa sababu mizinga imekua. Mizinga ikakua tena, kwa sababu bamba limekua. Likafika sentimita hamsini na tano, unene wa kifua cha ng'ombe, na meli ikawa nzito kiasi kwamba iliogopa mawimbi kuliko adui. Tena mwaka 1866 kulikuwa na vita huko bahari ya Adria ambako meli moja iliipiga nyingine kwa pua, basi kwa miaka thelathini kila manowari ilitengenezewa mdomo kama wa samaki nduwaro, na midomo hiyo ikatoboa zaidi marafiki katika ukungu kuliko maadui. Halafu zikaja mashua za topido, kitu kidogo, mabati matupu, wanaume kumi na wawili na kombora linalokwenda chini ya maji, chini kabisa ya deraya yote ile. Siku alipoitazama ya kwanza imefungwa kando ya jitu la tani elfu kumi, Baptistin alimuuliza, "Baba, sasa ile kubwa tuliijenga ya nini?"

"Tulipewa tarehe, mwanangu," alisema.

Mwaka 1889, mwaka aliostaafu akiwa bado fundi wa kawaida, shemeji yake alimchukua kwa garimoshi hadi Toulon kutazama nyambizi ya majaribio. Ilizama mbele yao, ikazuka, watu wakapiga makofi.

"Waliifungulia maji kwa makusudi?" aliuliza marehemu.

"Kwa makusudi kabisa. Ndivyo inavyoshuka."

Alivuta kiko chake hadi kilipozimika. "Miaka arobaini na mitano nimepigana nayo yasiingie," alisema, "na sasa wanayafungulia mlango." Kisha akaomba waende nyumbani. Garimoshini alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, ingawa kichwa chake kilikuwa kizito kwenye bega la mwenzake, na bega hilo lilikuwa na baridi yabisi.

Kikohozi cha Kinburn kilimrudia kwa nguvu mwezi wa Oktoba 1902. Daktari alisema ni moshi wa lami na vumbi la chuma. Marehemu alisema ni zamu yake tu. Alilazwa chumba cha mbele, dirisha likitazama gatini ingawa hakuweza tena kulisikia, na ile boliti ya Constance ikiwa kitandani karibu na mkono wake, ya kugongea ubao wa kitanda. Clarisse alimlisha kade iliyolowekwa kwenye maziwa. Fortuné alikuja kila alasiri na karatasi zake.

Aya hii peke yake marehemu hakusomewa, kwa hiyo ni fupi, maana mwandishi hana tena wa kumgonga. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Machi 1903, saa kumi na robo alasiri. Delphine alikuwa amemshika mkono. Aliomba maji, akayanywa, akasema, "Haya." Mafundi wa gati walipoambiwa walinyamazisha nyundo zao bila kengele, kwa muda ambao ungemtosha mtu kuipima meli nzima.

Maneno ya mwisho yanayofuata aliyasikia mwenyewe alasiri ya tarehe 27 Februari, na yameachwa kama alivyoyaacha.

Marehemu ameacha mjane, Delphine, binti, Clarisse, na mumewe, mwana, Baptistin, fundi ribiti, wajukuu watano, dada mmoja, Élisabeth, na shemeji mmoja, Fortuné, aliye hai kwa sababu ya pigo moja na hakuwahi kulisema hilo kwa sauti mpaka hapa. Ameacha nyundo ya mti yenye ufa kichwani, na matufe mawili ya kurushia yaliyobanduka. Mshusheni polepole, enyi mnaoshika kamba, na Mungu ampe kitanda kisicho na chuma. Apumzike, ingawa sisi tuliomjua tunashuhudia kwamba katika miaka sabini Honorin Toucas hakulalamika, hakukaa chini, wala hakuna siku hata moja aliyowahi kucho—

(Hapa marehemu aligonga. Mara moja.)